Kisu cha kazi ndani ya daladala

*Shangazi, shikamoo.*

*Mimi ni mama wa miaka 36, naishi Buhongwa hapa Mwanza. Huu ni mwaka wa 9 riziki yangu inatoka kwenye kupaa samaki Mwaloni, Kirumba. Mteja ananunua sato kwa mchuuzi, analeta kwangu, naondoa magamba, natoa utumbo, napasua anavyotaka yeye, ananipa changu anaondoka. Siku za sikukuu naitwa pia majumbani na kwa mama ntilie wanaopika kwa wingi. Kisu ni changu mwenyewe. Ubapa wake ni inchi 6, mpini wa mbao, na nimekizoea mpaka mkono unakijua hata gizani.*

*Shida yangu ni kukibeba. Kukiacha sokoni siwezi, nimeshaibiwa viwili. Kwa hiyo kila siku nakwenda nacho na kurudi nacho. Nilikuwa nakizungushia gazeti, nafunga kwa mpira, nakitumbukiza kwenye mkoba wa turubai pamoja na aproni.*

*Jumanne ya wiki jana nilikuwa narudi nyumbani jioni. Daladala imejaa, nimesimama, mkoba uko begani. Tulipokaribia Mkuyuni dereva akafunga breki ghafla, mkoba ukarukia mbele. Kulikuwa na binti wa shule amebanana na mwenzake kwenye kiti, wa darasa la nne au la tano hivi. Akapiga kelele. Ncha ilikuwa imetoboa gazeti, ikatoboa turubai, ikamchana chini ya goti. Kidonda si kirefu, lakini damu ilitoka, Shangazi. Nilivua mtandio nikambana nao. Konda alipoona mpini umejitokeza akapiga yowe, "Huyu mayu ana kisu!" Watu wakanirudi, mmoja akanishika mkono kwa nguvu. Nikashushwa palepale, gari likaondoka na mtoto, hata jina lake sikulipata. Nilichobaki nacho ni rangi ya sare yake. Tangu siku hiyo sili nikashiba.*

*Nimejaribu njia nyingine. Nilikifunga kiunoni ndani ya kitenge kwa kipande cha kanga. Nikiinama mpini unanisukuma mbavuni, nikikaa ncha inanitafuta paja, na nimeshajikwaruza tumboni. Nikakitundika shingoni kwa kamba, ndani ya blauzi. Niliinama juu ya beseni kikateleza, kikaangukia sentimita chache tu kutoka kidole changu cha mguu. Mdogo wangu akasema ninunue cha kukunja. Nilinunua. Magamba yaliingia kwenye kiungo kikagoma kufunguka, siku nyingine kikajifunga chenyewe juu ya kidole. Mume wangu anasema niachane na habari ya kutembea na kisu, mwanamke mwenye kisu kiunoni watu watamwelewaje.*

*La mwisho. Natoka nyumbani saa 10 alfajiri ili niwahi mitumbwi. Njia ya kutoka kwetu hadi barabarani ina giza, na mwezi uliopita jirani yangu alinyang'anywa simu pale. Nikipita hapo mkono wangu unakuwa ndani ya mkoba, juu ya mpini, na moyo unatulia.*

*Naomba unifundishe nikibebe vipi kila siku bila kunichoma, bila kumchoma mtu, na bila watu kuniona jambazi.*

*Mpaa samaki, Buhongwa*

Marahaba, mwanangu.

Kabla ya kisu, yule binti kwanza. Kisu cha samaki kinabeba uchafu mwingi kuliko cha kukatia mkate, na kidonda chake kinaweza kufunga juu huku chini kinatunga usaha. Yule mtoto anapaswa kuonwa kituo cha afya, kidonda kiangaliwe na suala la pepopunda liulizwe. Watoto wetu huchanjwa wakiwa wachanga, wiki ya 6, ya 10 na ya 14, lakini muuguzi ndiye atakayesema kama anahitaji nyingine sasa. Sare unaijua. Shule zenye sare hiyo kwenye njia ya Mkuyuni kwenda Buhongwa hazitakuwa nyingi. Nenda kwa mwalimu mkuu, mweleze ulivyonieleza mimi. Kama barua hii imechelewa kukufikia na bado hujaenda, nenda leo.

Sasa tuzungumze kisu, na hapa niruhusu nikae kitako, kwa sababu jambo hili nimezaliwa ndani yake. Marehemu baba yangu alikuwa fundi viatu Nansio, Ukerewe. Nusu ya kazi yake ilikuwa viatu, nusu nyingine ni vitu vya wavuvi, na kubwa katika hivyo ni ala za visu. Nilianza kuzishona nikiwa na miaka 10. Mvuvi akileta kisu chake, baba hakumuuliza anataka ngozi ya rangi gani. Alimpa kigoda akamwambia, "Kaa unavyokaa mtumbwini." Mtu anakaa, anapiga kasia la hewani, anainama kama anavuta wavu, na baba anamtazama nyonga na mbavu huku ameshika chaki. Ala ilishonwa kufuata pale mwili unapokunjika na pale usipokunjika. Wavuvi wengine walicheka, walidhani mzee anapoteza muda. Walikuwa wanarudi kushukuru.

Nakuambia haya ili ujue kwamba kisu chako hakina ubaya wowote. Hakina ala, basi. Gazeti si ala. Kitenge si ala. Ukifunga kisu kwenye karatasi ukakiweka mkobani, uzito wote wa mpini unakaa nyuma ya ncha, na breki moja ya daladala inausukuma mbele kama nyundo. Ingekuwa ajabu kama kisingetoboa.

Na kuhusu cha kukunja, ulikataa kwa haki, mwambie mdogo wako nimesema. Kisu cha kukunja kina kiungo, na kiungo ni nyumba ya magamba, ute na damu. Huwezi kukisafisha mpaka ndani bila kukifungua skrubu. Kwa kazi yako chuma kinatakiwa kiwe kipande kimoja kisichokunjwa, kiingie ndani ya mpini na kibaki hapo. Kosa la visu hivi ni moja tu: havijifichi vyenyewe. Lazima uvitafutie nyumba.

Nyumba hiyo ina kazi tatu. Ya kwanza ni kuifunika ncha kwa kitu kigumu ambacho haiwezi kukipenya. Ya pili ni kukamata mpini, ili hata mkoba ukipinduka kisu kibaki ndani. Ya tatu ni kukiachia kwa mkono mmoja, bila kuvutana nacho. Kipimo chake ni hiki: kigeuze kisu na ala yake kichwa chini juu ya godoro, ukitikise mara 10. Kikidondoka hata mara moja, rudi kwa fundi.

Ungekuwa mchunga ng'ombe ningekuambia ushonewe ya ngozi, na ndani yake, upande wa makali, fundi atie ukanda mwembamba wa ngozi kati ya zile kuta mbili, ili makali yakate ukanda na si uzi. Lakini wewe unashinda kwenye maji na utumbo. Ngozi inanywa vyote hivyo, inanuka, inaoza, na chuma kikilala ndani ya ngozi iliyolowa kinaamka na kutu. Watu hudhani kwa kuwa ziwa letu ni la maji baridi kutu haitupati. Ute wa samaki unatosha, na ukiwa karibu na wanaotia chumvi kayabo ndiyo kabisa. Kwako ni plastiki.

Nenda duka la vifaa vya ujenzi, omba kipande cha bomba gumu la maji, lile la PVC, la inchi 1. Mara nyingi fundi bomba anazo mabaki, atakupa bure. Bomba hilo likibanwa likawa bapa linatoa upana wa karibu sentimita 5, na kisu cha kupaa samaki mara nyingi hakizidi upana wa sentimita 3, kwa hiyo nafasi ipo. Urefu wake uwe ubapa wa kisu, ongeza sentimita 2 chini ya ncha, ongeza sentimita 3 juu ili mdomo wa ala upande kidogo juu ya mpini. Chemsha maji kwenye sufuria kuukuu ambayo haitarudi jikoni. Plastiki hii huanza kulegea kwenye joto la nyuzi 80 hivi, kwa hiyo maji yanayochemka yanatosha. Dakika chache tu, uliguse kwa kijiti, likikubali kubonyea liko tayari. Usiliweke juu ya mkaa, nakusihi. Likiungua linatoa moshi mkali wenye tindikali, na kifua chako unakihitaji.

Kabla ya hapo kisu kiwe kimeshavikwa karatasi ngumu tabaka mbili, kufungwa selotepu, ili ukikitoa baadaye ibaki nafasi ndogo ya kupumua. Vaa glavu au ushike kwa kitambaa kizito, litoe bomba kwa koleo, kiingize kisu, kisha liweke katikati ya mbao mbili na mtu asimame juu yake mpaka lipoe. Likipoa linakaa umbo hilo. Mdomo wa juu uchovye tena peke yake, uubane kwa vidole vyenye kitambaa kuzunguka shingo ya mpini. Hapo ndipo mshiko unapatikana, na ndipo kazi inapohitaji uvumilivu, pengine utarudia mara mbili au tatu. Mdomo wa chini nao uchovye uubane ufunge, lakini uache tundu dogo la kutolea maji. Bila tundu hilo utakuwa unabeba supu ya utumbo kila siku. Jioni ioshe ala kwa sabuni na maji mengi, itundike mdomo chini ikauke. Kisu kifute, kipake tone la mafuta ya kula. Mafuta ya mashine yasiguse kisu kinachogusa chakula cha watu.

Kukitoa, usivute kwa nguvu za bega. Sukuma mdomo wa ala kwa kidole gumba, kisu kitalegea chenyewe, ndipo unakichomoa. Kukirudisha, tazama kwa macho yako yote mawili. Pale kwa baba niliona vidole vingi vilivyokatika wakati wa kurudisha kuliko wakati wa kuchomoa, kwa sababu mtu anarudisha huku anazungumza.

Tuje kwenye urefu. Inchi 6 ni sentimita 15, na ukiongeza mpini unabeba kitu cha sentimita 27 au 28. Hakuna sehemu ya mwili wa mwanamke inayoketi, kuinama na kubeba ndoo ambayo itakipokea kitu hicho bila ugomvi. Kisu kirefu ni cha kuchuna minofu ya sangara mkubwa. Sato wa kilo moja unampaa na kumtumbua kwa ubapa wa sentimita 9 au 10 bila taabu. Mwenyewe ukijichunguza utaona unatumia theluthi ya mbele tu ya kisu chako. Tafuta kifupi kwa kazi ya kila siku. Kile kirefu kiwe cha siku za sangara, na siku hizo tu kitoke nyumbani, nacho kikiwa na ala yake. Ukibadilisha mpini, weka wa plastiki wenye mikwaruzo ya kushikia. Ule wa mbao unanyonya ute na unateleza.

Kisha mahali pa kukiweka, na hapa ni pawili, si pamoja.

Ukiwa safarini kisu kisikae mwilini kabisa. Nunua ndoo ya lita 10 yenye mfuniko. Kisu ndani ya ala, ala ifungwe kwa kipande cha mpira wa tairi ya baiskeli, ilale chini ya ndoo, aproni juu yake, mfuniko ubanwe. Ndani ya daladala ndoo inakaa sakafuni katikati ya miguu yako, haikai begani. Sasa ncha ikitaka kumfikia mtoto wa mtu itavuka kuta mbili ngumu. Na hakuna anayeshangaa mama mwenye ndoo kwenye daladala ya Kirumba.

Ukifika kazini ndipo ala inahamia mwilini, maana huwezi kukiacha kisu juu ya meza kila mteja anapokuita. Wewe huvai mkanda wa suruali, kwa hiyo usiutafutie kiuno kazi isiyo yake. Mwambie fundi cherehani akushonee ukanda wa turubai wa upana wa sentimita 4, upite bega la kulia ushukie nyonga ya kushoto, kama wanafunzi wanavyovaa mikoba. Bega ndilo linabeba uzito. Ala ifungwe kwenye ukanda huo kwa matundu mawili, na iwe na kamba nyingine fupi ya kuzunguka kiuno ili isiyumbe ukiinama; usalama wote uko kwenye hiyo kamba fupi. Ilale kwa mshazari kwenye kile kibonde kati ya kitovu na mfupa wa nyonga wa kushoto, mpini ukitazama juu kulia, mkono wako wa kulia unakokuja. Kama unatumia mkono wa kushoto, geuza yote. Isikae juu ya mfupa wenyewe, utapata jeraha ndani ya wiki. Isikae katikati ya tumbo, ndiko kulikokuchoma mbavu. Ivae juu ya gauni na chini ya aproni. Halafu fanya alivyofanya baba: kaa kwenye kigoda, chuchumaa, inama juu ya beseni, beba ndoo mbili, panda ngazi. Mahali popote panapokugusa vibaya, sogeza sentimita moja moja mpaka pakunyamazie. Hili halimalizwi siku moja.

Usikiweke mgongoni. Sakafu ya mwalo ina ute na maji, watu huanguka chali, na uti wa mgongo ukijeruhiwa si rahisi kupona. Ile ya shingoni uliiacha, usirudi tena. Kamba ya shingo ikinasa kwenye wavu au kwenye gari la mkokoteni inakunyonga.

Mumeo anauliza watu watakuelewaje. Namheshimu, na swali lake si la kipuuzi. Ila naona amechanganya kusitiri na kuficha. Mtu anasitiri kwa kuwajali waliomzunguka. Mwili wake, deni lake, kidonda chake. Anaficha kwa kuogopa kugundulika. Kisu chako siku ile kilikuwa kimefichwa, na kilipofichuka kiliwatisha watu gari zima. Kingekuwa ndani ya ala safi yenye harufu ya sabuni, aproni ikiwa juu yake, konda angeona mama anayetoka kazini. Watazame Wamasai hapa mjini na sime zao kwenye ala nyekundu. Watu wanapita karibu nao bila kushtuka, kwa sababu chuma kimevaa na kila mtu anajua ni cha nani. Na sisi wa ziwa hili si wageni wa chuma. Kule Uzinza, Warongo waliyeyusha mawe ya chuma kwenye tanuri za udongo wakafua majembe na visu kabla ya meli ya kwanza ya moshi kuonekana majini. Mwanamke kushika kisu cha kazi yake hakumpunguzii kitu, mwambie hivyo kwa upole, na umwonyeshe ala ukishaitengeneza. Pengine atakusaidia kusimama juu ya zile mbao.

Sheria nayo inaangalia jambo hilohilo. Kanuni ya Adhabu inamkamata anayekwenda hadharani na silaha bila sababu halali kwa namna ya kutia watu hofu. Wewe sababu unayo, basi iandamane nawe: kisu kiwe pamoja na aproni, buti na ndoo, na kiwe njiani kati ya nyumbani na kazini. Askari akikusimamisha, mikono ionekane, mwambie kwanza kabla hajapekua, "Afande, ndani ya ndoo kuna kisu cha kupaa samaki, kiko kwenye ala." Usikitoe wewe kumwonyesha, mwache akitoe yeye. Siku unayokwenda benki, mahakamani, uwanja wa ndege, au Bugando kumwona mgonjwa, kisu kibaki nyumbani. Harusini na msibani vilevile, hata kama wanategemea uwasaidie samaki. Wataazima cha jirani.

Nimeliacha la giza mpaka hapa kwa sababu ndilo lililoniuma zaidi kwenye barua yako, na uliliweka mwisho kama vile si kitu. Mwanangu, mkono ukikaa juu ya mpini njia nzima, kile si kisu cha samaki tena. Mbele ya hakimu hakitakuwa, na mbele ya kibaka hakitakuwa. Kijana anayetaka simu yako anataka simu. Akiona chuma anataka kukuangusha kabla hujamwangusha, na yeye ana nguvu, pengine ana mwenzake nyuma yako. Katika purukushani ya gizani hujui nani atabaki ameshika mpini na nani ameshika makali. Na hata ungeshinda, umemchoma mtoto wa mtu kwa makusudi, wakati huyu wa bahati mbaya tu amekunyima usingizi.

Najua hofu haiondoki kwa maneno. Lakini hebu hesabu ni wanawake wangapi wa mtaa wenu wanaoshuka barabarani kati ya saa 10 na saa 11 alfajiri: wa Mwaloni, wa sokoni mjini, wa vitumbua, wa usafi maofisini. Wakusanyeni muwe na saa moja ya kutoka na mti mmoja wa kukutania. Wanne wenye tochi wanatosha kabisa. Ukiwa peke yako, tafuta bodaboda mmoja unayemjua kwa jina na nyumba yao, mpatane bei ya mwezi. Mkono wako ushike tochi na filimbi, na namba 112 ya polisi iwe tayari kwenye simu. Ile njia yenyewe ipelekwe kwa mwenyekiti wa mtaa kwenye mkutano, na jirani aliyenyang'anywa asimame aseme. Akitaka simu, mpe simu. Ndoo ibaki imefunikwa.

Kuhusu fedha, usiogope. Bomba ni kipande cha mabaki, ukanda ni kazi ya nusu saa ya cherehani, na ndoo utaitumia miaka. Kisu kifupi ndicho kitakachokugharimu, na hicho anza nacho hata cha bei ya chini, mradi chuma chake kiingie mpaka mwisho wa mpini na kisicheze ukikitikisa. Ukishaipata ala, niandikie uniambie kisu kilidondoka mara ngapi juu ya godoro.

Na ukienda kwa mama yake yule binti, nenda mchana, umvalie nguo ya heshima, ubebe chochote utakachojaliwa, hata sato wawili waliokwisha kupaliwa. Ndoo iache nyumbani.

Shangazi